Moshi wa pilau za watu umenikaa kifuani

*Barua ya wiki hii imetoka kwa mama mpishi wa Tanga. Jina lake tumelihifadhi.*

Shikamoo dada.

Nakuandikia saa tisa usiku, nimekaa kitandani na mito mitatu mgongoni, maana nikilala chali naona kama mtu amenikalia kifuani. Naandika kwa simu polepole, unisamehe makosa.

Nina miaka 57. Kazi yangu ni upishi wa shughuli: harusi, hitima, maulidi. Nilianza nikiwa na miaka 19, nikimfuata mama yangu mdogo. Kwanza kuosha mchele na kumenya vitunguu, baadaye kukaa na moto, mwisho nikakabidhiwa mwiko. Mtaani kwetu ukitaka pilau la kilo hamsini lisiloungua chini wala kurojeka juu, utaelekezwa kwangu. Sijisifu, dada, nataka tu uelewe kazi hii ni nini kwangu. Tunapikia uani au kwenye banda la mabati, mafiga matano kwa mpigo, kuni pamoja na makumbi na vifuu vya nazi. Moshi wa makumbi mbichi unaujua. Tunatoka pale macho mekundu, tunacheka, tunasema ndio pilau lenyewe.

Kikohozi kilinianza kama miaka saba iliyopita. Asubuhi natoa makohozi mazito meupe, nikishayatoa kifua kinafunguka, siku inaendelea. Nikasema hiki ni kikohozi cha wapishi, wote tunacho. Kisha pumzi ikaanza kunikatika. Kutoka soko la Mgandini hadi nyumbani nilikuwa nakwenda moja kwa moja na kikapu mkononi. Mwaka jana nikawa nasimama mara mbili. Mwaka huu nasimama mara nne, na kila nikisimama natoa simu najifanya nasoma ujumbe, ili watu wasione kwamba nahema.

Zahanati nimekwenda mpaka wananijua. Nimepewa vidonge vya kuua vijidudu sijui mara ngapi, nimeambiwa pumu, nimepimwa makohozi mara mbili kutafuta kifua kikuu, mara zote hakikuonekana. Mwezi wa pili ndipo nikafika hospitali kubwa, nikapulizishwa kwenye mashine, nikapewa dawa ya kuvuta, nikapulizishwa tena. Daktari, kijana mdogo tu, akaniambia, "Mama, una ugonjwa sugu wa mapafu. Hauponi, lakini una dawa." Kwenye cheti ameandika COPD. Mimi baada ya lile neno "hauponi" sikusikia kingine. Akaniuliza kama navuta sigara. Sijawahi hata kuishika. Akaniuliza napikia nini, nikamwambia, akatikisa kichwa. Akanipa pampu mbili, ya bluu na nyingine ya kuvuta asubuhi na jioni, akasema nikae mbali na moshi. Hata robo saa haikufika, nikawa nje.

Wifi yangu aliponiona na pampu alishika kichwa. Anasema ukishaanza pampu umefika mwisho, mapafu yanaizoea, huwezi kuiacha tena. Na kweli baba wa jirani yetu alikufa ameishika mkononi. Basi ile ya bluu naitumia nikizidiwa kabisa, ile nyingine iko kabatini haijafunguliwa.

Mkamwana wangu ametenga kikombe changu na sahani yangu. Hajasema neno, ametenga tu. Na mjukuu wangu wa miaka minne, aliyekuwa analala na mimi tangu aache ziwa, siku hizi analala kwa mama yake. Usiku nasikia anavyoniita. Baba watoto nimemwambia nina presha. Yeye mwenyewe anavuta sigara zake barazani, nikikohoa anaingia ndani kunitazama, anatoka.

Mwezi wa kumi na moja binti wa shoga yangu anaolewa. Tangu anazaliwa nilimwahidi mama yake kwamba pilau la harusi yake nitalipika mimi. Kilo themanini. Sijui nimwambie nini.

Dada, nimejiua kwa mikono yangu mwenyewe? Na nikiuacha mwiko, mimi nitakuwa nani?

Mpishi, Tanga

---

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi nisimame pale kwenye simu unayojifanya kuisoma. Mama yangu mzazi alikuwa na ujanja kama huo. Alikuwa akikaanga samaki na maandazi kwenye jiko la kuni, na akipandisha njia ya kwetu alikuwa anasimama "kufunga kanga vizuri". Kanga ilifungwa mara tano kabla hajafika mlangoni. Sisi wanawe tulisema ni pumu ya uzee. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahitimu unesi, nimevaa sare nyeupe, na sikujua. Baadaye nilifanya kazi kliniki ya kifua miaka kumi na miwili, nikawaona wanawake kama mama yangu wakiingia mmoja baada ya mwingine, mikono ina alama za mafuta ya moto, hawajavuta sigara hata siku moja. Kwa hiyo ninayokujibu hapa nayajua kwa macho, na mengine nayajua kwa majuto.

Nianze na swali lako la mwisho kasoro moja. Hapana, hukujiua. Uliambiwa na nani kwamba moshi wa kuni unaharibu mapafu kama sigara? Sigara ina onyo kwenye pakiti, kuni hazina. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na katika nchi kama zetu tumbaku inahusika na asilimia 30 hadi 40 tu ya wagonjwa. Waliobaki wengi ni watu wa moshi na vumbi: wapishi, wakaangaji, wachoma mkaa, wachimbaji wa madini, na wale ambao kifua kikuu kiliwahi kuwaacha na makovu. Ulikuwa unalisha watu. Aibu hiyo unayoibeba usiku si yako, na ningependa uiweke chini kabla hatujaendelea.

Sasa lile neno "hauponi". Kijana yule hakukudanganya, ila aliharakisha. Ndani ya mapafu kuna vijia vya hewa, na mwisho wake kuna vifuko vidogo sana ambamo hewa safi inaingia kwenye damu. Moshi wa miaka 38 umevivimbisha vile vijia, umevijaza ute, na baadhi ya vifuko vimepasuka. Kilichopasuka hakirudi. Lakini uvimbe unapungua, ute unatoka, na kijia kilichobana kinaweza kufunguliwa kiasi kwa dawa. Ndiyo maana ulipulizishwa mashine mara mbili, kabla na baada ya dawa: walitaka kuona kijia kinafunguka kwa kiasi gani. Cha mwenye pumu kwa kawaida hufunguka sana, cha kwako hubaki kimebana hata baada ya dawa.

Na shida yako kubwa, hata kama huioni hivyo, ni kutoa hewa. Fikiria daladala ambayo abiria wanapanda kila kituo na hakuna anayeshuka. Baada ya vituo vitatu konda anapiga kelele "ingieni ndani" lakini ndani hakuna nafasi. Ukiharakisha kutembea unavuta pumzi juu ya pumzi, hewa ya zamani haijatoka, mpya haina pa kukaa, ndipo unaona kifua kimejaa na bado huna hewa. Ukilielewa hili, mengi nitakayokuambia yatakuwa na maana.

Ile pampu iliyo kabatini itoe leo, usingoje asubuhi ya kesho. Wifi yako anakupenda, lakini hapa amekosea, na amekosea pamoja na nusu ya mji. Pampu haizoeshi mapafu, wala si dawa ya mwisho. Ni dawa ya kwanza, na kati ya dawa za kifua ndiyo inayoingiza kiasi kidogo kuliko zote mwilini. Nikupe hesabu: mbonyezo mmoja wa ile ya bluu, salbutamol, una maikrogramu 100. Kidonge kimoja cha dawa hiyohiyo, vile vidonge vidogo ambavyo watu wanameza bila kuogopa, kina miligramu 4, yaani mara arobaini ya mbonyezo mmoja. Kidonge kinazunguka mwili mzima, kinakutetemesha mikono na kukupiga moyo mbio, kisha kidogo ndicho kinafika kifuani. Pampu inapeleka moja kwa moja. Baba wa jirani alikufa ameishika mkononi kwa sababu alikuwa mgonjwa sana na huenda aliishika amechelewa. Gari la zimamoto kulikuta kwenye nyumba inayoungua si ushahidi kwamba ndilo lililoichoma.

Ya bluu ni ya kufungua haraka ukizidiwa, na dakika chache kabla ya kazi inayokukata pumzi. Ya asubuhi na jioni haikupi nafuu papo hapo, ndiyo maana watu wanaiona haifanyi kazi na kuiacha. Hiyo ni ya kulinda. Inatumika kila siku, unaumwa au huumwi. Baada ya kuivuta sukutua maji uteme, kwa kuwa nyingi za aina hiyo zina dawa inayoweza kuleta utando mweupe kinywani.

Halafu kuna jinsi ya kuivuta, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo dawa nyingi inapotelea hewani. Kliniki nilikuwa namwambia mgonjwa, "Hebu nioneshe unavyofanya." Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa ametumia pampu mwaka mzima akisema haimsaidii. Akaitoa kwenye pochi, hakuitikisa, akaibana midomoni, akabonyeza. Tulikuwa karibu na dirisha, jua limeingia, na wote wawili tukaliona wingu jeupe dogo likitoka pembeni mwa mdomo wake na kupotea. Mwaka mzima alikuwa analipia wingu lile.

Basi fanya hivi. Tafuta chupa ya maji ya nusu lita, tupu, safi, kavu. Chini yake, kwenye kitako, toboa tundu kwa waya wa moto, likate lilingane na mdomo wa pampu, iingie ibane. Pakivuja zungushia plasta. Hicho ni kifaa halali, mdogo wangu, usikionee haya. Profesa Heather Zar na wenzake kule Cape Town walikipima kwa watoto wenye pumu na kuchapisha matokeo mwaka 1999: chupa ilifanya kazi sawa na kile cha kununua. Ukishatengeneza, kaa wima, tikisa pampu, ichomeke kitakoni, toa hewa yako yote, weka midomo kwenye shingo ya chupa uibane vizuri. Bonyeza mara moja tu, kisha vuta polepole, kwa kina, ushikilie pumzi ukihesabu mpaka kumi kama unaweza. Huwezi kushikilia? Pumua humohumo ndani ya chupa mara nne au tano, taratibu. Subiri kama dakika moja ndipo ubonyeze na kuvuta mara ya pili. Chupa ioshe kwa maji ya sabuni kila wiki, usiifute kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe. Na ukirudi kliniki nenda na pampu na chupa, umwambie nesi, "Nitazame."

Niseme na hili kwa nguvu. Utakutana na mtu wa duka la dawa atakayekupa vidonge vya prednisolone, au mwenzako atakuambia yeye akimeza viwili anaruka. Ni dawa nzuri kwa siku chache, ukizidiwa, kwa maelekezo ya daktari. Ukiigeuza ya kila siku inapandisha sukari na presha, inalainisha mifupa, inavimbisha uso. Nimewaona wanawake wamevunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni. Usianze mchezo huo.

Ukikatika pumzi, iwe Mgandini au usiku kitandani, usiinuke kukimbilia mlango. Kaa, inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, mabega yaache yaanguke. Sasa, ukimpoza mjukuu wako uji wa moto kwenye kijiko unafanyaje? Unabana midomo, unapuliza taratibu ili usimwagike. Puliza hivyohivyo. Vuta kwa pua ukihesabu moja, mbili. Toa kwa midomo iliyobanwa, moja, mbili, tatu, nne. Unawashusha abiria, mmoja mmoja. Na kile kipepeo cha ukindu ulichopepea moto miaka yote, kiweke kando ya mto, jipepee nacho usoni, kwenye mashavu na pua. Upepo wa usoni unapunguza ile hisia ya kukosa hewa, jambo hili limepimwa, na nimeliona likituliza watu waliokuwa wananing'inia mlangoni. Hofu ndiyo inayoongeza mbio za pumzi. Ukiituliza, nusu ya safari umeimaliza.

Najua umeanza kupunguza kutembea ili usihemewe. Ni kosa ambalo kila mgonjwa wangu alilifanya, na mama yangu pia, tena mimi ndiye niliyekuwa namwambia "pumzika, mama". Misuli ya miguu isipotumika inakuwa ya kivivu, inadai hewa nyingi kwa kazi kidogo, kesho yake unahema zaidi. Kampala, kwenye Taasisi ya Mapafu ya Makerere, waliwachukua watu ambao mapafu yao yaliharibika baada ya kifua kikuu, wakawafanyisha mazoezi kwa wiki 6, ya kutembea na kuimarisha miguu na mikono. Mapafu hayakurudi kuwa mapya, lakini watu wale walitembea mbali zaidi na kuhema kidogo zaidi. Wewe anza na kiti cha jikoni: simama, kaa, simama, kaa, mara tano, pumzika, rudia. Jioni jua likipoa tembea mpaka uhemewe kiasi: uweze kusema sentensi, ila usiweze kuimba kaswida. Simama, puliza uji wako, endelea. Simu iache mfukoni, simama wazi kama mtu anayepumzika. Kila wiki ongeza nguzo moja ya umeme. Kwenye swala, kama sijida inakukata pumzi, swali umekaa kwenye kiti, dini imekuruhusu. Na Ramadhani ikifika usiiache dawa kimyakimya kama wengi wanavyofanya. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na hata anayefunga anaweza kumuomba daktari ampangie ile ya kila siku aivute kabla ya daku kuisha na baada ya kufuturu.

Moshi sasa. Hapa sitakulainishia: ukiendelea kukaa juu ya mafiga, dawa zote hizi utakuwa unachota maji kwa pakacha. Nyumbani pikia gesi au umeme, hata kama ni kwa chai na mboga tu kwa kuanzia, na maharage wachemshe wengine nje. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia tarehe 8 Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mitungi ya ruzuku imekuwa ikiuzwa kupitia REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini. Ulizia ofisi ya mtaa wako. Mwanamke aliyelisha mji huu ana haki ya kuulizia. Kuna moshi mwingine hatuuhesabu sisi watu wa pwani: udi, ubani, na dawa ya mbu ya kuchoma. Najua chumba bila udi ni kama si chumba. Tumia marashi, asumini na viluwa kitandani, na neti kwa mbu.

Na sigara za barazani zinakuingia. Mumeo humwambii ukweli, halafu unamtaka aache kwa sababu gani? Mwambie. Mtu anayeingia ndani kila ukikohoa ameshajua kwamba si presha, anangoja umwambie. Kaa naye usiku huu wa leo au wa kesho, umwambie jina la ugonjwa, umwoneshe pampu, umfundishe kuitikisa na kuichomeka kwenye chupa. Utamhitaji saa tisa za usiku. Ukishamwambia hivyo, habari ya sigara itajileta yenyewe.

Kwa mkamwana wako moyo wangu umegawanyika. Kutengewa kikombe kunauma kuliko ugonjwa, nakubali. Lakini yule ni mama wa mtoto wa miaka minne, anasikia mtu anakohoa miaka saba, na hakuna aliyemwambia chochote. Angefanyaje? Usimgombeze wala usinyamaze. Siku yako ya kliniki mwambie, "Mwanangu, nisindikize, pumzi haitoshi kwenda peke yangu." Ukifika mwombe nesi aseme mbele yake kwamba makohozi yamepimwa mara mbili, si kifua kikuu, na ugonjwa huu hauambukizi kwa kikombe, kwa sahani wala kwa kulala na mtoto. Likitoka kwa nesi atalipokea, likitoka kwako atadhani unajitetea. Mjukuu atarudi. Nami nakuomba kitu kimoja cha haki kwake: ukianza kutokwa jasho usiku, kukonda, au kukohoa damu, rudi upimwe tena bila kubisha, kwa sababu mapafu yaliyochoka yanaweza kupata na kifua kikuu pia.

Kuna hali ambazo hutakiwi kunisubiri mimi wala kliniki ya mwezi. Makohozi yakigeuka ya kijani au manjano, yakaongezeka, na pumzi ikazidi kubana kuliko siku zako za kawaida, nenda siku hiyohiyo. Midomo au kucha zikiwa za bluu, ukishindwa kumaliza sentensi, ukianza kusinzia hovyo au kuchanganyikiwa, wakupeleke hospitali usiku huohuo, pampu ya bluu ukiwa unaivuta kwa chupa njiani. Miguu ikivimba, sema. Na mtu akikuambia ununue mtungi wa oksijeni, mwambie ngoja nipimwe kwanza oksijeni ya damu kwa kifaa cha kidoleni. Hewa hiyo inasaidia wale ambao kipimo chao kiko chini sana hata wamekaa, na karibu na moto inaweza kuunguza nyumba.

Usipitishe siku na chai kavu. Kula kidogo mara nyingi, tumbo likijaa sana linasukuma kifua: samaki, mayai, maharage, tui la nazi usilikatae. Kukonda kunamaliza misuli ya kupumulia.

Umeniuliza ukiuacha mwiko utakuwa nani. Mimi nakuomba uuache moshi. Mwiko ni jambo jingine. Mama yako mdogo alipokukabidhi mwiko, alikwenda wapi? Naamini alikaa kwenye kiti akisema "punguza moto", "ongeza bizari", "hiyo nyama bado". Watu walisema pilau la nani siku ile? Wewe una miaka 57 na bado unakaa na moto mwenyewe, kazi ya wasichana, kwa sababu hujakabidhi. Kabidhi mapema kidogo kuliko ulivyopanga. Na kama nimemsoma vizuri, nyumbani kwako yupo mmoja mwenye mikono, anayekaa na mtoto mchana kutwa bila kazi nyingine, ambaye hajawahi kuitwa karibu na sufuria lako.

Harusi ya mwezi wa kumi na moja nenda. Mafiga yawe nje kabisa, si bandani, kuni ziwe kavu, makumbi mabichi yasikanyage pale. Wanaokaa na moto wapokezane, mapafu yao nayo ni mapafu. Wewe kiti chako kiwe upande upepo unakotokea, na upepo ukigeuka kiti kihame, awepo mtoto wa kukihamisha. Ya asubuhi uwe umeivuta nyumbani, ya bluu iwe ndani ya mkoba pamoja na chupa yake, kipepeo mkononi. Mchuzi na wali vije kwako kwenye kibakuli kuonja chumvi. Wakati wa kupalia makaa usisogee, mkamwana wako ndiye apalie, wewe umwambie lini.

Shoga yako mwambie wiki hii, kabla hajaenda kununua mchele.